Nakusanya namba za msaada kwa wakimbizi, lakini anayepigiwa simu usiku ni mimi

Shikamoo mama,

Mimi ni msomaji wako wa muda mrefu, ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia. Naomba jina langu lisitokee, wala mahali nilipo.

Nasoma ustawi wa jamii, niko mwaka wa mwisho. Chuo kimenipeleka mafunzo kwa vitendo kwenye shirika dogo linalohudumia wakimbizi na wahamiaji. Nimepewa kuandaa kijitabu cha huduma za afya ya akili katika lugha wanazozungumza wateja wetu, Kiswahili kikiwemo. Kinatakiwa kuwa na kliniki, wanasaikolojia, namba za dharura, vikundi vya kina mama, vya vijana, na wakalimani. Nilifurahi sana. Familia yetu ilikimbia vita nikiwa mtoto, na naijua hali ya kufika mahali hujui hata uanze kumuuliza nani. Nikajisemea, hiki ndicho mama yangu alichokikosa.

Ofisini nilikuta orodha ya zamani, nikaamua kuipigia kila namba iliyomo. Moyo ukaanza kuvunjika hapo. Namba nyingine hazipo tena. Nyingine zinapokelewa na mashine inayokutaka ubonyeze moja, ubonyeze mbili, kwa lugha ambayo mtu aliyefika juzi haielewi. Kuna kliniki ambayo kwenye orodha imeandikwa "inahudumia watu wote". Niliipigia nikazungumza Kiswahili kitupu, kama atakavyopiga mama wa watu asiye na lugha nyingine. Aliyepokea akasema neno moja, akasubiri kidogo, akakata. Nikapiga tena kwa lugha yao, nikajitambulisha, nikauliza habari za mkalimani. Safari hii alinijibu kwa upole kabisa: mgonjwa aje na mtu wake wa kumtafsiria, na kama ana mtoto anayesoma shule, basi huyo anatosha.

Nilibaki nimeshika simu. Yaani mama aeleze aliyotendewa vitani kupitia kinywa cha mwanawe wa miaka 12?

Nilimweleza msimamizi wangu. Alinisikiliza, siwezi kusema hakunisikiliza. Lakini alisema mfadhili anasubiri, tarehe imekaribia, na sisi hatukuajiriwa kukagua huduma za wenzetu. Wao wamesema wanahudumia watu wote, basi tuandike hivyo. Akaongeza kuwa kijitabu cha kurasa nne kitaonekana kama hatukufanya kazi. Yeye ndiye atakayejaza fomu yangu ya alama za chuo.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo linaloninyima usingizi.

Kuna mama mmoja, nimwite Mama F. Yeye na mama yangu wanajuana tangu kambini. Alikuja ofisini na fomu aliyopewa kliniki, akaomba nimsomee kwa sababu nazungumza lugha yake. Ilikuwa na maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita: ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, umekosa usingizi, umejisikia huna nguvu. Tulikwenda vizuri hadi la mwisho, lile linalouliza kama umewaza kwamba ni heri ungekufa, au umewaza kujiumiza. Akanyamaza. Kisha akaitoa kalamu mkononi mwangu, akailaza juu ya meza. "Karibu kila siku," akasema. "Lakini wewe andika hapana."

Akaniapisha nisimwambie mtu, mama yangu ndiyo kabisa. Anaogopa kliniki wakijua watamnyang'anya watoto. Kesi yake ya hifadhi pia haijaamuliwa, na anaamini karatasi ikisema ana matatizo ya akili, atarudishwa. Fomu hatukuimaliza. Aliikunja akaondoka nayo.

Tangu hapo hunipigia usiku watoto wakishalala. Hasemi mengi, mara nyingine namsikia anapumua tu. Nisipopokea nakesha nikiwaza, na nikipokea sijui niseme nini. Nikipeleka habari zake ofisini ataniona msaliti, na maneno yatazunguka, maana huku tuko wachache na tunajuana wote. Nikinyamaza kisha likatokea la kutokea, nitaishi vipi?

Na kuna langu mwenyewe. Ninapoandika zile dalili, ndoto mbaya, kushtuka mlango ukigongwa, kutotaka kukaa na watu, naona naandika habari za nyumbani kwetu. Nikimgusia mama anasema yaliyopita yamepita, tumshukuru Mungu tuko hai. Watu wananiambia nina bahati kwa sababu nimetoka huko huko, kwa hiyo nawaelewa wateja. Mimi naona ni kwa sababu hiyo hiyo nazama.

Nishauri mama. Nikiandike kijitabu wanavyotaka au nikatae? Habari za Mama F. nizitoe au nitunze siri? Niendelee au niombe chuo kinihamishe? Tena wanataka kuweka jina langu kwenye jalada, na sijui kama nalitaka hapo.

Ni mimi msomaji wako,
Niliyechoka

*

Marahaba, binti yangu. Pole, na ahsante kwa kuniandikia kirefu hivi. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ina mambo ambayo wengi wanaofanya kazi kama yako huyabeba bila kumwambia mtu.

Umeniuliza maswali kadhaa, lakini mimi nayaona yana shina moja. Ulipewa kazi ya kukusanya taarifa za huduma, na watu wamekufanya wewe kuwa huduma yenyewe. Hakuna aliyekuuliza kama uko tayari, wala aliyekufundisha. Tena sidhani kama kijitabu na Mama F. ni habari mbili. Mama huyu anakupigia wewe usiku kwa sababu kwenye zile namba nyingine, mtu wa lugha yake akipiga, simu inakatwa. Umeliona tatizo hilo hilo kutoka pande zote mbili, na ndiyo maana limekuelemea.

Niruhusu nianze na Mama F. Kijitabu kinaweza kusubiri.

Mtu anayesema anawaza kufa karibu kila siku ametuambia jambo zito, na la kulichukulia kwa uzito wote. Hata hivyo neno hilo peke yake halitoshi kutuonyesha hatari iko karibu kiasi gani. Kuna anayetamani asiamke kwa sababu amechoka kupita kiasi. Kuna anayefikiria atafanyaje. Kuna aliyekwisha kuandaa kitu. Fomu ile ya maswali tisa imetumika tangu mwaka 2001 na ni chombo cha kuchuja tu, haiwezi kumtofautisha mmoja na mwingine. Anayeweza ni mtu anayeuliza kwa sauti ya kawaida: Mama, unawaza namna ya kufanya hivyo? Una kitu hapo nyumbani? Uliwahi kujaribu? Usiku huu uko na nani? Najua utaogopa kuuliza usije ukampa wazo. Wataalamu hawakubaliani na hofu hiyo, na Shirika la Afya Duniani linawaelekeza wahudumu wa afya waulize wazi, kwa sababu kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua. Mara nyingi humpunguzia upweke.

Akikujibu kwamba ana mpango, au ana kitu cha kutumia, au akaanza kuaga na kugawa watoto wake kwa maneno, usiku huo huo piga namba ya dharura ya hapo mlipo. Hakikisha kuna mtu mzima anayekaa naye, na kile alichokitaja kiondolewe karibu yake. Katika hali hiyo sina chaguo la pili la kukupa, na kiapo alichokuapisha hakikufungi.

Kama hali haijafika huko, una nafasi ya kutenda kwa utaratibu, ila usiivute ikawa wiki. Wewe umeliweka jambo hili kana kwamba ama utunze siri ama umsaliti. Mimi nakuuliza: umeshazungumza na mwenye siri yenyewe? Angeweza kukudanganya. Angesema "hapana" na wewe ungeandika hapana, mambo yakaisha pale mezani. Badala yake alikwambia ukweli, kisha akaukataza usiingie kwenye karatasi. Nikisikiliza hilo, namsikia mtu anayetaka ajue mmoja, na anayeogopa karatasi. Basi huenda pa kuanzia ni hiyo hofu ya karatasi.

Unaweza kumwambia maneno kama haya, kwa namna yako: "Mama, nimefurahi umeniamini. Sitaki kwenda nyuma yako. Lakini hili ni kubwa kuliko mimi, na nikilibeba peke yangu naweza kukuangusha. Naomba tumchague mtu mmoja wa kumwambia, na nitakuwepo." Mpe achague kati ya watu wawili. Aliyepokonywa maamuzi mengi katika maisha yake hushusha pumzi akipewa hata huo uchaguzi mdogo.

Hofu zake zina sababu, usizipuuze. Wahudumu wa afya kwa kawaida wanafungwa na kanuni ya kutunza siri, na kanuni hiyo huwa na mipaka pale maisha yanapokuwa hatarini au mtoto anapodhuriwa. Mipaka hiyo hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo iombe ofisini kwenu ikiwa imeandikwa, uisome kabla hujamwahidi lolote. Kuhusu kesi yake, Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unapima kama mtu ana hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake la kijamii au maoni yake ya kisiasa. Haupimi kama analala usingizi. Tena ipo Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1999 uliofanyiwa marekebisho mwaka 2022, unaoelekeza madaktari na wanasheria namna ya kuandika ushahidi wa mateso, na ndani yake madhara ya kisaikolojia yanahesabiwa kuwa ushahidi. Kwa maneno mengine, maumivu yaliyoandikwa vizuri na mtaalamu yamewahi kusaidia kesi za watu. Sisemi yake itakuwa hivyo. Nasema kuna mwanasheria wa wakimbizi anayeweza kumjibu, na jibu hilo linaweza kumfungulia mlango wa kliniki kuliko mawaidha yoyote utakayompa wewe.

Hatari ipo. Anaweza kukasirika akaacha kupiga. Anaweza kumweleza mama yako kwa namna itakayokuumiza. Siwezi kukuahidi hayo hayatatokea. Lakini tazama na upande wa pili: ukikaa kimya, wewe ndiwe utakuwa tegemeo lake pekee, na mafunzo yako yana mwisho. Utakapofanya mitihani, utakapougua, utakapohama, atabaki na nani?

Kuhusu zile simu za usiku, usidhani kukaa naye kimya ni kutofanya kitu. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani na washirika wake una mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Mawili ya kwanza unayafanya tayari, tena vizuri. Limebaki la tatu. Kaa na Mama F. mchana, watoto wakiwa shule, mpige pamoja ile namba ya dharura ambayo wewe umeshaijaribu na umehakikisha inaleta mkalimani. Asikie mwenyewe sauti inayopokea, asikie inachukua muda gani, ajue aseme nini kwanza. Mtu akiwa katika hali mbaya usiku wa manane hawezi kuanza kujifunza namba ngeni. Baada ya hapo unaweza kukubaliana naye saa ambayo simu yako inazimwa. Kama hilo litakuuma, na nadhani litakuuma, anza na saa ya mbali kidogo halafu uisogeze.

Sasa kijitabu.

Umemwona msimamizi wako kama mtu anayejali tarehe kuliko watu. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba yeye amesikia maelezo yako tu, hajaisikia ile simu ikikatwa. Umewahi kumwomba akae karibu nawe, ukaweka sauti ya nje, ukapiga mbele yake? Dakika tano za namna hiyo hufanya kazi ambayo barua ndefu haiifanyi. Na kama baada ya kusikia bado atasema andika hivyo hivyo, utakuwa umejua unaongea na mtu gani.

Kukiandika wanavyotaka kuna gharama yake. Mtu hukusanya ujasiri kwa miezi, anapiga mara moja, anakatiwa, na huenda asijaribu tena mahali popote. Kukataa nako kuna gharama. Alama zako zinaweza kuumia, na kijitabu kitaandikwa na mwingine ambaye hatapiga hata namba moja. Sijui uzito wa kila upande katika maisha yako, kwa hiyo sitakuchagulia. Nakuomba tu uangalie kama kuna nafasi katikati ambayo bado hujaijaribu.

Chukua ile kliniki ya mtoto wa shule. Unaweza kuiacha kwenye orodha, na chini yake ukaandika ulichokuta: siku uliyopiga, kwamba mapokezi wanazungumza lugha moja, kwamba walikwambia mgonjwa aje na mkalimani wake. Kwingine andika kama wanampokea asiye na makaratasi, kama wanatoza, na mtu husubiri kwa muda gani. Huko si kukagua wala kumhukumu mtu, ni majibu waliyokupa wenyewe. Huduma ambazo hazimfai mteja kabisa unaweza kuziweka kwenye waraka wa ndani, kwa ajili ya wafanyakazi, ili shirika liwe na kitu mkononi litakapokwenda kudai mkalimani. Kwa mfadhili makini, waraka huo una thamani kubwa pengine kuliko kijitabu chenyewe. Zipo kliniki zitakazolalamika, jiandae kwa hilo. Na kuna swali ambalo ningelipenda liulizwe kabla ya kwenda kuchapa: ukishaondoka, nani atazipigia tena namba hizi?

Kuhusu mtoto kumtafsiria mzazi, moyo wako umekuelekeza sawa. Miongozo ya ukalimani katika afya inakataza jambo hilo isipokuwa kwa dharura kabisa, kwa sababu mtoto huumia kwa anayoyasikia, na mzazi huyaficha mambo mazito ili asimuumize. Lakini usidhani mkalimani yeyote mtu mzima anamaliza tatizo. Umeniambia huko mko wachache na mnajuana. Basi mkalimani anaweza kuwa jirani, shemeji, au mtu wa upande uliowachomea nyumba. Ukalimani kwa simu, na mtu aliye mbali asiyetajiwa jina la mgonjwa, huwafaa wengi kwa sababu hiyo. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu ungeweza kumwambia msomaji mambo mawili: aulize kama anaweza kupewa mkalimani bila malipo, na akimjua anayeletewa, aseme anaomba mwingine. Chini yake weka sentensi kwa lugha ya nchi hiyo, kwa herufi kubwa, inayosema kwamba mwenye karatasi hii anaomba mkalimani wa Kiswahili. Aweze kuikata akaishika mkononi dirishani. Mimi ningeanza na ukurasa huo kabla ya orodha yoyote.

Halafu hofu ya kurasa nne. Umeorodhesha kliniki kwanza na vikundi vya kina mama karibu na mwisho, na wengi wangefanya hivyo. Mwongozo wa mwaka 2007 wa IASC, kamati inayounganisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na mashirika mengine ya misaada, unapanga msaada wa kisaikolojia kwa ngazi nne. Chini kabisa, penye watu wengi zaidi, pana usalama na mahitaji ya msingi. Juu yake pana familia na jamii, kisha msaada wa watu waliofunzwa ambao si mabingwa, na juu kabisa, penye wachache, pana mabingwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yaliyopitiwa na vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili linaloweza kutajwa kwa jina la ugonjwa. Wengine wana huzuni, hasira, hofu ya kesi, upweke, na hivyo navyo vinahitaji mahali pa kwenda, ingawa si lazima pawe kwa daktari.

Nikupe mfano ninaoupenda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Baadhi yao walikaa kwa vikundi vikubwa, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao kuhusu namna ya kuishi na mawazo mazito, wakiongozwa na watu ambao si wataalamu wa akili ila wamefunzwa kazi hiyo. Vipindi vilikuwa vitano tu. Miezi mitatu baadaye waliopitia vikundi hivyo walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao ambao hawakupitia. Kwa hiyo kikundi cha kina mama kinachokutana kweli, chenye mtu anayepokea simu kwa Kiswahili, kina haki ya kukaa juu kwenye kijitabu chako. Ofisi ya msaada wa sheria pia, anayesaidia kutafuta ndugu waliopotezana pia, darasa la lugha pia. Ukitafuta kwa macho hayo, huenda kurasa zikazidi nne, na zote zikawa za kweli.

Naja kwako.

Umeandika kwamba unazama kwa sababu hiyo hiyo ya kutoka huko. Nimesita kwenye sentensi hiyo. Wanaokwambia una bahati kwa kuwa umetoka huko wanachanganya mambo mawili, na nahisi nawe umeanza kuyachanganya. Kuyajua maumivu haya kwa ndani kunakufanya uisikie simu iliyokatwa kuliko mwenzako angeisikia. Hakukupi mafunzo ya kukaa na mtu anayewaza kufa, na kukosa mafunzo hayo hakusemi lolote juu ya uwezo wako. Mtaalamu aliyebobea naye huwa na mtu wa kumpelekea kazi yake, akamweleza kilichomgusa na kilichomshinda. Wewe una nani? Chuo kina mwalimu anayekusimamia. Sijaona popote katika barua yako kwamba anajua lolote kati ya haya. Unaweza kumweleza habari za Mama F. bila kumtaja, na habari zako mwenyewe kwa kiasi utakachopenda.

Baada ya mazungumzo hayo, njia ni zaidi ya kuendelea au kuhama. Unaweza kuendelea kwa sharti kwamba kila wiki una saa ya kuzungumza na mtu aliyesomea. Unaweza kubaki na kijitabu ila usikutane na wateja kwa muda. Unaweza kusimama kidogo. Unaweza kuhama kabisa, na kuhama hakutakuwa aibu, ingawa Mama F. atakuwa na haki ya kuagwa na kukabidhiwa kwa mtu, asije akagundua kwa namba isiyopokelewa. Usingizi wako ni wa kuangalia kwa karibu. Kama hizo ndoto na kushtuka ni vyako pia, siyo vya mama tu, basi mojawapo ya zile namba ulizozipigia ukazikuta nzuri inaweza kuwa yako.

Mama yako mwache kwanza. Anaposema tumshukuru Mungu tuko hai, huenda hiyo ndiyo nguzo iliyomfikisha hapo, na mtu hang'oi nguzo ya mwenzake kwa sababu amesoma dalili kwenye karatasi. Akiona wewe mwenyewe umekwenda kuzungumza na mtu na hukudhurika, hilo linaweza kumsogeza. Linaweza pia lisimsogeze, na bado ni mama yako.

Limebaki jina kwenye jalada. Ni heshima, na umeifanyia kazi. Nakuomba tu ufikirie litakavyosomwa na watu wenu: wataona jina wanalolijua, watatafuta namba yake, na watapiga. Kama hilo hulitaki kwa sasa, unaweza kuomba liwekwe jina la ofisi na simu ya ofisi itakayokuwepo hata ukihitimu, na mchango wako uandikwe kwenye barua ya chuo, ambako alama zipo. Kama unalitaka, liwekwe, ila mjue mapema nani atakayepokea hizo simu pamoja nawe.

Ukishazungumza na Mama F., niandikie alivyokujibu. Na usingoje mpaka mambo yawe mazuri ndipo uandike.